Nilimwagia Maji Kioo cha Duka Letu Mbele ya Watu

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minne, ni mama wa mtoto mmoja wa kike anayeitwa Faraja, na ninaishi hapa hapa Ifakara. Halafu nina wivu. Naliweka hilo wazi mapema, msije mkaniona mwishoni mkasema nimewaficha!

Mume wangu akisalimiwa sokoni na mwanamke mwenye sauti laini, mimi nilisahau hata samaki niliyekuwa napatana bei yake. Akicheka na simu, chakula kilinikwama kooni. Mawifi walinisema, padri alinishauri, mama yangu mzazi aliniambia nitamchosha mwanaume wa watu. Nilijitahidi... lakini mtu anajivuaje alivyozaliwa?

Mume wangu nitamwita Kastori. Ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, na duka letu liko mtaa wa Viwanja Sitini, upande wa mbele lina kioo kikubwa kinachotazama barabara. Ni mtu wa mikono. Kazi yake inasifiwa hadi Mlimba, ila ulimi wake mzito. Mteja akiuliza maswali matatu, yeye anaanza kujikuna kichwa. Mwongeaji nyumbani kwetu nilikuwa mimi.

Basi akaja dada mmoja kutoka Morogoro mjini, Jaki, aliyekuwa akituuzia vioo. Safari hiyo alileta makopo ya dawa ya kupaka kwenye vioo. Kioo kilichopakwa dawa hiyo kikipigwa na jua kali kinageuka cheupe kama maji yaliyooshea mchele. Mwanga unaingia, joto linabaki nje. Kikipoa, kinarudi kuwa angavu. Hakihitaji umeme wala mtu wa kukigusa! Jaki alisema bonde lote hili linaungua kwa joto, wateja watatoka wapi kama si huku? Alitaka mtu wa kumtafutia soko, nikajitolea mimi.

Kusema ni rahisi. Wengi wetu madirisha yetu ni nyavu na mbao, na joto likizidi tunayafungua. Mzee mmoja wa Mang'ula aliniambia, "Mama, joto hili tumezaliwa nalo, leo ndiyo tulikimbie?" Mwenye mashine ya kuvunia mpunga alitaka apakiwe kioo cha dereva, ikabidi Jaki amkatalie, maana jua likiwaka dereva angekuwa anavuna kwa kubahatisha. Nikagundua wateja wangu ni wale wenye vioo visivyofunguliwa: nyumba za wageni, maduka ya dawa, wafuga vifaranga.

Nilitembea na kipande cha kioo nilichokifunga kwenye kitenge. Nakilaza juani, kinakuwa cheupe. Namwagia maji, kinasafika. Watu wanapiga makofi! Kisha kila mtu anaenda zake. Makofi nilipata mengi, oda chache.

Sasa sikilizeni wivu wangu ulipoanzia. Kupaka ile dawa kunataka watu wawili. Mmoja anasimama ndani, mwingine nje, wanapangusa kioo kwa pamoja huku wakitazamana, huyu anakopeleka mkono, na yule anapeleka wake huko huko, ili waone palipobaki mabaka. Siku moja nilirudi kutoka kwenye mizunguko yangu nikamkuta Kastori ndani na Jaki nje. Kiganja kwa kiganja, kioo katikati! Wote wanatabasamu. Nilisimama barabarani hadi bajaji ikanipigia honi.

Nyumbani pakawaka moto. Kastori alisema ile ni kazi. Nilimuuliza ni kazi gani hiyo inayofanywa kwa kutabasamu. Akaanza kujikuna kichwa kama mbele ya mteja, na kule kujikuna kukanimaliza kabisa.

Nikatafuta dawa yangu mwenyewe. Mimi na jirani yangu Skola tuliimba kwaya moja. Mumewe alikuwa amemwacha akaenda machimboni na hakurudi tena, naye akawa anaishi kwa kukaanga vitumbua. Siri zangu zote alikuwa nazo. Nililia kwake, naye alilia nami. Nilimwomba aache vitumbua aje akae dukani kwetu, auze vitasa na bawaba, na zaidi ya yote awe macho yangu.

"Yule wa Morogoro akija kupaka, wewe ndiye ushike upande wa pili," nilimwambia. "Usibanduke hapo!"

"Dada, wewe nenda kwa amani," Skola alinijibu. "Hapiti mtu hapa."

Nilimnunulia vitenge viwili vipya ili akae dukani akiwa nadhifu. Kimoja kilikuwa cha njano chenye maua makubwa. Hata mimi nilikitamani, nikampa yeye...

Kila nilipotoka safarini Skola alinipa ripoti. Leo Jaki amekuja na suruali ya kubana. Leo Jaki amemwita Kastori "fundi wangu". Kila neno lilinichoma, na bado nililitaka lingine! Wenye wivu mnanielewa. Tunaumia na tunaomba tuongezewe.

Nikaacha kuitikia salamu za Jaki. Alipomletea Faraja begi la shule, nililirudisha. Na nikazidisha safari za kutafuta soko, Mlimba, Chita, kokote, ili yule dada mwenye gari na Kiingereza aone kwamba Kastori ana mke anayejua kazi. Sikujiuliza ni nani anayebaki na mume wangu mimi nikiwa kwenye basi. Nilikuwa na mlinzi, wasiwasi wa nini?

Wakati huo Kastori alikuwa amepaka dawa kioo chote cha mbele ya duka, wapita njia wajionee. Jua la saa sita likifika, kioo kinakuwa cheupe chote, huwezi kuona ndani wala wa ndani hawaoni nje. Akaanzisha utaratibu wa kufunga mlango saa hizo apumzike. Nilimwona ana haki, fundi kuanzia alfajiri yuko kwenye kelele za mashine.

Upande wa Chita nilimpata mteja niliyekuwa nikimwomba kwa Mungu kila siku. Baba Kulwa, mzee wa Kisukuma mwenye ng'ombe na mashamba ya mpunga, alikuwa anamalizia kujenga nyumba ya wageni hapa Ifakara, yenye madirisha mapana yanayolipokea jua lote la jioni. Nilimwamkia, nikaeleza hadi koo likakauka. Akasema lazima aone kwa macho, yeye hata ndama hanunui kwa picha.

Akanipakia kwenye gari lake tuje mjini. Kipande changu cha kioo nilikipakata. Njiani gari likaingia kwenye shimo, nikasikia "kach!" mapajani mwangu... Kilikuwa vipande! Baba Kulwa akanitazama kwa huruma, akasema basi tutafanya siku nyingine. Siku nyingine? Mteja wa namna ile! Nikamwambia kipande si kitu, dukani kwetu kuna kioo kizima, akakione hicho.

Nilimpigia Kastori, hapatikani. Nikampigia Skola, simu inaita tu. Ikanibidi nimpigie Jaki, ambaye Skola alikuwa ameniambia yuko hapa Ifakara tangu jana. Nilimhitaji kwa maswali ya kitaalamu. Ila niseme ukweli, nilitaka pia awe mbele ya macho yangu. Akakubali bila kinyongo, na tulipofika alikuwa ameshasimama nje ya duka na mwavuli wake.

Jua lilikuwa la utosi. Mlango umefungwa kwa ndani, kioo cheupe pe! Mashine ya kukoboa mpunga ya jirani inanguruma, hata ukigonga mlango husikiki. Watu wa bodaboda wakasogea, kina mama waliotoka sokoni wakatua vikapu. Nilijisikia mtu! Niliazima ndoo ya maji kwa mama lishe wa jirani, nikapanda juu ya tofali, Jaki akanisaidia kushika ndoo.

"Baba Kulwa, tazama hapa!" nilisema kwa sauti kubwa. "Jua likiwaka kinafunga, kikipoa kinafungua. Usipepese macho!"

Nikamwaga kuanzia juu.

Kioo kikaanza kusafika kutoka juu kushuka chini, polepole, kama kawaida yake. Watu wakaguna kwa mshangao. Kukaonekana dari. Kukaonekana vitasa vinavyoning'inia ukutani. Halafu kilemba... na mkono wa mwanamke.

Wasomaji, mnajua nilifikiria nini? Nilifungua mdomo nipige kelele, "Jaki!" Na Jaki alikuwa kushoto kwangu, ameshika ndoo!

Kilemba kilikuwa cha njano, chenye maua makubwa.

Kastori alikuwa amekaa mkekani kifua wazi, na Skola alikuwa anamlisha wali kwa samaki wa kitoga kwa mkono wake. Tonge baada ya tonge! Hawakuwa wametuona bado. Kelele za watu walishazizoea, kila saa sita walikuwepo washangaa kioo. Kastori alicheka kitu alichoambiwa, punje za wali zikamganda kwenye ndevu, Skola akazitoa kwa kidole moja moja. Mwanaume ambaye kwangu alikula kwa kutazama televisheni! Ambaye siku nilipojaribu kumlisha, tukiwa wachumba, aliniambia yeye si mtoto!

Ningewakuta wamelala, labda ningewasamehe... Sijui. Ila ule wali, mama yangu, ule wali!

Nikakipiga kioo kwa kiganja. Ndipo wakageuka. Kastori aliruka akatafuta shati. Skola yeye hakuruka. Alimfuta kwanza Kastori mdomo, kisha akasimama na kunitazama. Pale nikajua jambo lile si la jana wala juzi. Mmoja wa bodaboda akapiga mluzi, wengine wakacheka, mama lishe akawafukuza kwa mwiko.

Baba Kulwa alikohoa. "Mama," alisema taratibu, "dawa yako nimeiona."

Aliyenishika na kunipeleka kwenye gari ni Jaki, mtu ambaye nilikuwa nimemnyima hata salamu. Hakuniuliza kitu. Alinipa maji, akawasha gari.

Ndugu walipotukalisha kikao, Kastori alikiri yote. Kisha akasema maneno ambayo nayasikia hadi leo. "Wewe ndiye uliyemleta. Mimi nilikuta amekaa." Akaongeza kwamba mimi nilikuwa nikifika nyumbani kumnusa na kumhoji, wakati Skola alimuuliza amekula nini. Niseme nini hapo? Alinidhulumu, na bado sentensi ile ina ukweli ndani yake, ndiyo maana inauma!

Nilihamia Lumemo, kwenye chumba cha kupanga, mimi na Faraja. Skola akabaki dukani. Baba Kulwa alipaka dawa nyumba yake nzima, na aliyempakia ni Kastori, kwa sababu fundi ni yeye, na jina la mtafuta soko haliandikwi kwenye kibao. Jaki amenipa makopo nijitafutie mwenyewe, na wafuga vifaranga wameanza kunielewa. Namshukuru sana, ingawa akija amependeza kupita kiasi roho bado inanidunda kidogo. Nilishawaambia nilivyo!

Dada zangu, wenye wivu wenzangu, nawaomba kitu kimoja. Msimwajiri mtu akawalindie mume. Kama moyo unakuuma, mkalishe mwenyewe, muulize mwenyewe, mtazamane wewe na yeye. Mimi niliwasikiliza walionisema kwa wivu wangu, nikaona aibu kumuuliza kwa upole, nikampa rafiki zamu yangu. Nilimchunguza mgeni kutwa kucha, na aliyekuwa analia nami sikumtazama hata mara moja.

Jumapili iliyopita Faraja alirudi kutoka kwa baba yake amesukwa nywele. Mistari imenyooka, midogo, imekazwa vizuri, na mimi najua ni mkono wa nani. Sijawahi kumsuka vile, mimi kusuka sijui. Alisimama mlangoni akajizungusha, akaniuliza, "Mama, nimependeza?"

Mikono iliniwasha kuzifumua zote pale pale, unywele kwa unywele! Nikaificha nyuma ya mgongo, nikamwambia amependeza.