Redio Iliyonyweshwa Maji

Ilikuwa Alhamisi ya kawaida, saa nane mchana, napepeta mchele uani kwetu Mbuchi, mwanangu Iman anatambaa sebuleni. Niseme mapema kwamba hasira zangu hazijaisha na sitaki ziishe.

Baba mkwe alikufa akaacha pale sebuleni redio ya mbao na nyaya alizofunga mwenyewe enzi za jenereta, zimechunika, zimezungushiwa vipande vya mfuko wa nailoni, soketi imeungua mpaka nyeusi. Waya mmoja unashuka hadi kwenye chuma kilichochimbiwa sakafuni, na eti sauti haitoki safi mpaka udongo wa pale uwe umelowa. Basi mama mkwe kila siku anamwagia maji ya mtoni kwa kata yake ya kifuu. Anaita kuinywesha. Umeme wa nguzo ulipofika, wakaunga humohumo.

Nikamwambia mume wangu Mudathiri ang'oe, mtoto anatambaa. Akacheka.

"Mama Iman, shule imekutia woga. Humo ndimo tulimosikia vifo vya ukoo mzima."

Kweli, zamani huku misiba ilijulikana kwa matangazo ya redio. Wanayasimulia kwa raha, utadhani harusi.

Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi. Nikasikia redio inakoroma. Kisha sauti ya mzee, taratibu:

"Mudathiri wa Mbuchi anasikitika kutangaza kifo cha mwanawe, Iman. Habari ziwafikie..."

Nikatupa ungo.

Iman alikuwa amekaa kwenye tope. Mkono juu. Kati ya kidole na waya haipiti punje ya mchele.

Nikamvuta mguu. Taa ikawaka. Umeme umerudi. Waya ukatema cheche.

Mama mkwe alisimama mlangoni, kata mkononi. Akanong'ona, "Mwache baba yenu amalize kusoma."

Sikuchukua hata nguo. Niko Kibiti kwa mama yangu, Johari, nyumba haina waya hata mmoja. Mudathiri anapiga simu, eti namdhalilisha mama yake. Mama yake! Sirudi.

Lakini kila saa nane, chini ya ukuta anapolala Iman, udongo unalowa. Mama alidhani mtoto kakojoa. Leo nimeinama nikanusa. Tope la mikoko, lile la mto wa Mbuchi. Na pembeni yake alama ya duara, mbichi, ya kitako cha kata.

Hapa kwa mama tunachota maji kwa jagi.