Jozi ya Nne Ulingoni

Hoteli ile ya Mbotela ilikuwa imejaa mpaka mlangoni, Jumamosi mchana, lakini chakula kilikuwa kinapoa mezani. Kila mtu alitazama televisheni iliyotundikwa juu ya friji ya soda. Ilionyesha pambano la uzito wa juu lililofanyika ukumbi wa Kaloleni, lile ambalo Zakariye wa Eastleigh alimwangusha Kivuva mpaka Kivuva akabebwa. Mtu alikuwa amelirekodi kwa simu aliyoiweka chini, pembeni ya ulingo, kwa hivyo hapakuwa na mtangazaji. Palikuwa na pumzi, makonde na viatu.

Kivuva mwenyewe alikuwa pale kwenye kona, kofia ya jaketi imeshushwa hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtu mkubwa sana, hivi kwamba meza ilimkaa magotini. Alikuja kula, hakuja kujitazama akipigwa.

"Marudiano yakija, Kivuva hamalizi raundi tatu," alisema mwenye bucha.

"Wewe unajua nini? Akimkaribia ampige mbavu, Zakariye atachoka. Zakariye anataka mtu wa mbali."

"Amkaribie na nini? Na ule mkono wa kulia unamngoja?"

"Azunguke upande wa kushoto!"

"Azunguke wapi, buda, yeye ni lori?"

Watu wakacheka. Katikati ya kicheko, Kivuva akasikia sauti ya mwanamke, ya chini, ubavuni pake.

"Kulia."

Kwenye televisheni, mkono wa kulia wa Zakariye ukatua kwenye shavu la Kivuva.

Kivuva akageuka. Mwanamke alikuwa ameipa televisheni mgongo, uso kwenye ukuta, anakula chapati kwa maharagwe. Alivaa gauni la kitenge cha manjano na raba nyeupe zilizosuguliwa zikang'aa. Nywele alikuwa amezisuka mistari, shingo yote wazi.

"Kulia," alisema tena, anatafuna. Konde likatua.

"Umeitazama hii mara ngapi?" Kivuva aliuliza.

"Sijaitazama hata mara moja. Naisikia tu. Kiatu chake cha nyuma kinalia kabla hajatupa mkono. Wewe husikii?"

Kivuva akafumba macho. Kweli, chini ya pumzi na makonde, raba ilikwaruza turubai, kwi, halafu ndipo lilipokuja konde. Alikuwa amepigwa na mtu yule raundi saba na hakuwahi kuisikia.

Alipofumbua macho, mwanamke alikuwa ameacha kutafuna.

"Hapo ulingoni wako watu wangapi?" aliuliza.

"Wawili na refa."

"Refa ana viatu laini, huyo nimeshamtoa. Hao wawili nawajua." Chapati ilibaki mkononi. "Huyu wa nne ni nani? Huyu anayeburuta mguu wa kushoto?"

Kivuva akatazama televisheni. Palikuwa na watu watatu tu. Alijiona akirudi nyuma kwenye kamba, akishusha mikono, akienda chini. Mwanamke alishtuka kabla konde halijafika. Kisha akageuka, akamwona usoni chini ya kofia.

"Ni wewe," alisema. "Alikuwa amesimama nyuma yako."

Akaacha chapati nusu sahani, akatoka.

Kivuva alimfuata. Jina la mwanamke lilikuwa Mwelu, na alikuwa anauza viatu vya mitumba kwenye kibanda cha mabati pale pale Mbotela, karibu na Jogoo Road.

"Umekuja kununua au kunitisha wateja?" alimwambia.

"Nipe kiatu kinachonitosha."

Mwelu akamtazama miguu, akacheka bila kutaka. "Cha ukubwa huo wanatengeneza wapi, jitu hili? Wewe unahitaji mtumbwi."

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Kivuva alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Alimbebea marobota ya mitumba kutoka kwenye mkokoteni, mawili kwa mpigo, na wanawake wa vibanda vya jirani wakampigia makofi. Jioni alimpigia simu kutoka kwenye chumba chake cha ghorofa ya sita kule Kware.

"Mama Viatu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, jitu langu, umekula mtaa mzima?"

"Nimebakisha nyumba yenu."

Lakini kila alipomuuliza juu ya yule wa nne, Mwelu alisema mtandao unakatika.

Mwishowe alimweleza, wameketi kibandani mvua ikipiga mabati. Baba yake, mzee Mutunga, alikuwa kocha pale Kaloleni. Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Alivuta kiti, akaketi akiutazama ukuta, na mabondia wakapigana nyuma yake. Hakuwatazama. Alisikiliza miguu. Mguu haujui kudanganya kama uso, ndivyo alivyowaambia. Mwelu alikulia ubavuni mwa kile kiti, na masikio yake yakawa makali kuliko ya baba.

"Nilikuwa na kaka, Ndete. Alipigana mle ukumbini. Mimi na baba tulikuwa tumeuelekea ukuta. Tukasikia mtu wa nne ameingia, anaburuta mguu, anatembea polepole kama mtu asiye na haraka yoyote. Akaenda akasimama nyuma ya Ndete. Baba akaruka na taulo. Alichelewa."

"Ndete akafa?"

"Hakuamka. Baba alisema yule ni Mgeni. Alisema mabondia wa zamani walimjua. Anasimama nyuma ya mtu mmoja tu, yule aliyekuja kumchukua." Akamshika mkono, ule mkono mzito wenye vifundo vilivyovimba. "Safari ile alisimama nyuma yako na kocha wako akarusha taulo mapema. Hakupata alichokifuata. Usirudi, Kivuva."

"Nisiporudi nitakuwa yule aliyebebwa mpaka nizeeke. Nikipita, watu wananionyeshea vidole."

"Na ukirudi mimi nitakuwa nani? Mjane kabla ya harusi?"

Kivuva alimbusu kwenye paji la uso, akaenda mazoezini.

Kocha wake, Kiarie, mfupi mwenye sauti ya kuuza mahindi, alikuwa na mpango. Kivuva asisimame mbali hata dakika moja. Azunguke kuukimbia mkono wa kulia, aingie chini, apige mbavu raundi nne za mwanzo bila kukitafuta kichwa. Kivuva akaongeza la kwake: alimvalisha mwenzake wa mazoezi, Ndambuki, raba zenye soli kama za Zakariye, akapigana naye macho yakiwa yamefungwa kitambaa. Kwi, akainama. Kwi, akainama.

"Umekuwa mchawi?" Ndambuki alisema akihema.

Huyo huyo Ndambuki ndiye aliyemtumia picha, wiki ya pambano la marudiano. Ilipigwa ndani ya jimu ya Zakariye kule Eastleigh. Mwelu alikuwa ameketi kwenye kiti, gauni la manjano, uso kwenye ukuta. Nyuma yake Zakariye alikuwa anafanya mazoezi.

Kivuva akapiga simu. "Uko wapi?"

"Kibandani. Mbona sauti iko hivyo, dia?"

"Usiniite dia. Ulikuwa unafanya nini kwa Zakariye?"

"Shamso, dada yake, ndiye anayeniuzia marobota. Nilimwomba aniingize. Nilienda kusikiliza."

"Ulienda kuniuza! Umemwambia kuhusu kiatu?"

"Kivuva, nisikie kwanza. Nilitaka kujua Mgeni yuko kwa nani."

"Mgeni, Mgeni! Ulinitia woga na hadithi za wafu ili nijiondoe. Walikutuma?"

"Niambie tena hilo neno."

"Walikutuma?"

Simu ikakatwa. Alipoipiga tena ilikuwa imezimwa. Alienda Mbotela akakuta kibanda kimefungwa, na wale wanawake jirani hawakumpigia makofi.

Siku ya pambano ukumbi wa Kaloleni ulijaa tangu adhuhuri. Jua liliingia kwenye madirisha ya juu na kuangukia turubai. Kivuva alikuwa anafungwa bendeji mikononi mlango ulipofunguka. Mwelu akaingia, gauni jeusi, miguu mitupu.

"Toa huyu mtu," Kiarie alisema.

"Mwache," Kivuva akasema. "Viatu viko wapi?"

"Nimevua nisikie vizuri." Hakumkaribia. "Sikuja kubembelezwa. Nimekuja kukuambia nilichosikia Eastleigh, halafu nakwenda. Amehama. Hayuko nyuma yako tena. Yuko nyuma ya Zakariye."

Kivuva akapumua, kama mtu aliyetuliwa gunia. "Kwa hivyo nitashinda."

"Utashinda," Mwelu alisema. "Na utaua mtu. Utalala na hilo kila siku, na mimi siwezi kulala kando yako."

Akatoka.

Raundi ya kwanza Kivuva alisikia kwi, akainama, konde likapita juu ya kichwa kama ndege. Akaingia chini akapiga mbavu. Raundi ya pili, ya tatu, vivyo hivyo. Watu waliokuja kumcheka walisimama juu ya viti. Zakariye alikuwa kijana mrefu, mtulivu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na hakuwahi kukutana na kitu kama hiki. Kila alichokipanga kilijulikana kabla hajakifanya. Raundi ya tano viwiko vyake vikaanza kushuka kulinda mbavu, na kichwa kikabaki wazi.

"Sasa juu!" Kiarie alipiga kelele. "Juu! Mmalize!"

Kivuva akapiga juu mara moja. Zakariye akarudi kwenye kamba. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu.

Hapo ndipo Kivuva aliposikia.

Kelele za ukumbi zilikuwa palepale, midomo yote ilikuwa wazi, ila ni kama mtu alikuwa ameufunga mlango katikati. Mguu mmoja ulikanyaga. Mwingine ukaburutwa. Refa alikuwa upande wa kulia, anaonekana, amesimama. Miguu ile ilipita kushoto, taratibu, ikaenda hadi nyuma ya Zakariye ambako hapakuwa na nafasi ya mtu. Kamba ya juu ikabonyea, kama imeshikwa na mkono. Baridi ilitoka hapo ikamgusa Kivuva kwenye jasho la kifua.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kuvutwa nyuma.

Akaushusha. Akamkumbatia Zakariye, akamvuta kwa nguvu zake zote kutoka kwenye zile kamba, akawa amembeba katikati ya ulingo.

"Kaa chini, ndugu yangu," alimwambia sikioni. "Kaa chini uhesabiwe."

"Siwezi," Zakariye alinong'ona. "Siwezi kukaa. Piga."

Kivuva akamwachia polepole, akamgeukia refa, akatikisa kichwa. "Mimi basi. Nimeacha."

"Umeumia?"

"Nimeacha."

Refa alimtazama kama mwendawazimu, kisha akapunga mikono. Chupa zikaruka. Kiarie alirusha ndoo ya maji ukutani na kutukana mpaka sauti ikakwisha. Mkono wa Zakariye uliinuliwa kama mshindi, na ulipoachiliwa, Zakariye mwenyewe akaanguka nao.

Asubuhi iliyofuata Kivuva alikuwa kwenye benchi la hospitali, jicho moja limefumba, suruali ile ile ya jana. Shamso alitoka wodini, baibui limekunjamana, macho mekundu.

"Walimpasua usiku. Damu ilikuwa imejikusanya kichwani. Daktari anasema konde moja zaidi na tungekuwa tunachimba." Akajifuta pua. "Ameamka. Hawezi kupigana tena. Anauliza kwa nini ulimwachia."

"Mwambie nilichoka."

"Amesema utasema hivyo, na amesema wewe ni mwongo."

Shamso akarudi ndani. Mwelu alikuwa amesimama mwisho wa korido, kwa muda gani Kivuva hakujua. Alikuja akaketi kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Nilikuita msaliti," Kivuva alisema.

"Uliniita. Nilikuchukia siku nzima, na usiku nikakuchukia tena."

"Nisamehe, Mwelu."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Mwelu akafumba macho. "Tangu baba afariki nimekuwa nikisikia peke yangu. Nikiwaambia watu wanasema niombewe."

Kivuva akajisogeza, nafasi ile ikaisha. Benchi likalia.

"Nimeshindwa mara mbili na mtu mmoja," alisema. "Kaloleni hawataki kuniona. Kocha amenifukuza, na ngumi siwezi kupiga tena, nikikunja tu mkono nasikia ule mguu. Mtu kama huyo utaolewa naye?"

"Kwetu mahari huanza na mbuzi watatu."

"Watatu?"

"Watatu, wazima, wenye meno. Mama atawafungua midomo mmoja mmoja. Na usilete wembamba ukasema ni wa kisasa."

Kivuva akacheka, mbavu zikamuuma, akaendelea kucheka. Kisha akasimama na kumnyooshea ule mkono mzito, bendeji ya jana bado inaning'inia kwenye kifundo.

"Basi twende soko la mbuzi la Kiamaiko tukaulize bei."

Mwelu akaifungua ile bendeji kwanza, akaizungusha mpaka ikaisha, akaitupa kwenye pipa la korido. Halafu akaushika ule mkono.