Nati Juu ya Kitambaa

Bisha. Nakuruhusu. Kaa hapo utoe meno useme Radi anaongopa, halafu nikupe ufunguo wa pikipiki yenyewe uipande jioni moja tu, ile njia ya mteremkoni. Wanaume wanane wamenibishia mpaka leo. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kuchukua ufunguo.

Shule niliiacha mapema, sikatai. Lakini pikipiki naijua kuliko mwalimu wangu alivyojua hesabu. Nimevuka matope yaliyolaza trekta. Wewe unayeruka kidimbwi usilowe soksi, utanifundisha nini?

Basi nyamaza usikilize.

Mtoto wa shangazi yangu tulimwita Kobe. Tulisafiri pamoja, mimi na yangu, yeye na yake, njia za vumbi zisizo hata na kibao, siku tatu, siku nne, hema limefungwa nyuma ya kiti. Mimi mbele, yeye nyuma, kama jina lake. Kabla ya kila safari alitandaza kitambaa cheupe chini, akafungua nati moja moja, akazifuta, akazipanga kwa ukubwa, ndogo hadi kubwa. Ndipo azirudishe na kuzibana.

"Chuma hakina udugu, Radi," alikuwa ananiambia.

Nilimcheka mpaka mbavu zikauma.

Safari yetu ya mwisho, katikati ya mteremko, gurudumu lake la nyuma lilichomoka. Kesho yake tulimzika.

Pikipiki ikapelekwa kutengenezwa kwa fundi wetu, mzee aliyeihudumia wiki ile ile ya safari. Mtaa mzima ukasema fundi hakufunga nati. Wengine wakasema alifanya makusudi, mzee yule ana mambo yake, gereji yake inanuka vitu visivyo mafuta. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilisimama mlangoni kwake nikamwita mchawi mbele ya wateja wake.

Wiki tatu zikapita. Shangazi akanipigia simu.

"Mwanangu, kaniletee pikipiki ya mwenzio. Sitaki ilale tena kwa muuaji."

Nilifika gereji jua likigusa mabati. Fundi hakunijibu salamu. Macho yalikuwa yamemwingia ndani, midomo imepasuka.

"Iondoe," akasema. "Sasa hivi."

"Vipi, mzee? Wale wa kwako wamekugeuka?"

Hakucheka.

"Nati ya nyuma naibana kila jioni. Napitisha na pini mpya." Pini ni kale kachuma kadogo kanakopita kwenye tundu la ekseli ili nati isifunguke. "Asubuhi nikifungua mlango, nati iko chini. Imefutwa. Imewekwa juu ya kitambaa cheupe." Akanionyesha sakafu kwa kidole. "Na kitambaa si changu, kijana."

"Nati hailegei yenyewe, mzee. Vidole vyako ndivyo vimelegea."

"Mimi sina nilichomnyang'anya ndugu yako," akasema. Akaniwekea ufunguo mkononi kama anayetupa kaa la moto.

Nikawasha. Ikaitika pigo la kwanza.

Njia ya mkato kwenda kwa shangazi ni hiyo hiyo ya mteremkoni. Ndiyo, ningeweza kuzunguka na lami. Radi azunguke? Nikaingia vumbini, mwanga umebaki kama wa kibatari kinachoishiwa mafuta.

Kwanza ilikuja harufu. Grisi mpya... na petroli, ile aliyokuwa anaoshea nati zake.

Kisha kiti cha nyuma kikazama.

Polepole. Kama abiria anayekaa kwa adabu.

Sikugeuka. Nikaangalia kioo cha pembeni. Hakikuwa na mtu. Vumbi tu, jekundu kwa taa ya nyuma.

Krr... krr... krr...

Spana. Sauti ile naijua hata nikiwa usingizini.

Mtu alikuwa anafungua nati ya nyuma, na mimi niko mwendoni.

Nikabana breki. Gurudumu likayumba, kitako cha pikipiki kikahama kulia, kushoto, nikasimama hatua mbili kutoka ukingoni. Injini ikazima bila mimi kuigusa.

Kimya.

Mtu alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, amenipa mgongo. Mbele yake kitambaa cheupe. Alikuwa anafuta kitu, taratibu. Haraka hakuwahi kuwa nayo.

"Pini iko wapi?" akanong'ona.

Nikasikia kitu cha moto kinateremka mguuni mpaka ndani ya buti. Cheka. Ungekuwa wewe ungejaza yote mawili.

"Radi... pini iko wapi?"

Nilikaa kimya. Nilipopepesa macho, hakukuwa na mtu wala kitambaa. Nikawasha, nikaenda mwendo wa maiti mpaka kwa shangazi.

Alikuwa amesimama mlangoni. Hakuniangalia mimi. Aliangalia nyuma yangu.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, shangazi."

"Mbona kiti cha nyuma hakijanyanyuka?"

Nikatia mkono mfukoni kutafuta leso. Nikagusa chuma. Nati ya nyuma. Safi, na ya moto. Nilikuwa nimeendesha njia yote ile, ekseli haina kitu.

Asubuhi wakamkuta fundi. Hai, ndiyo. Amekaa sakafuni mwa gereji, na nati za pikipiki zote zilizokuwamo zimefutwa na kupangwa mbele yake, ndogo hadi kubwa. Vidole vyake kumi vilikuwa vinaning'inia. Daktari alisema hakuna mfupa uliovunjika. Viungo tu... vimelegea. Mpaka leo ananyweshwa uji na mkewe, na hajasema neno. Mtaa unasema uchawi wake umemrudia.

Sasa mbona hubishi tena?

Haya, basi. Kuna mahali nimeruka.

Usiku wa kuamkia safari ile, pini yangu ilikatika. Maduka yamefungwa. Pikipiki ya Kobe ilikuwa uani, imeshakaguliwa, kila kitu mahali pake. Nikachomoa ya kwake nikaweka kwangu. Nilisema nitamwambia. Asubuhi akatandaza kitambaa chake akague tena, nikakipiga teke. "Nimeshakukagulia, Kobe. Jua linatuchoma, twende." Akaniamini. Akakunja kitambaa.

Na kule mteremkoni sikukaa kimya. Aliponiuliza mara ya pili, nilijibu.

Nilisema, "Muulize fundi."

Akaenda kumuuliza. Na fundi hakuwa nayo.

Hiyo pini bado iko kwenye pikipiki yangu. Nimejaribu kuitoa nimpelekee kaburini. Koleo tatu zimevunjika, haitoki. Na leo asubuhi, nilipoamka, kulikuwa na kitambaa cheupe pembeni ya kitanda changu.

Kimetandazwa vizuri. Hakina kitu juu yake.

Bado.