Juisi ya Pakiti na Maji ya Pipa

Katika nyumba ya fundi cherehani, hakuna aliyeuliza watakunywa nini siku ya sherehe. Kinywaji kilikuwa kimoja tu: juisi ya pakiti, nyekundu, iliyokorogwa na Bibi.

Bibi alikuwa mama mkwe wa fundi, mama wa mumewe. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Alichana pakiti kwa meno, akamwaga unga kwenye ndoo, akatia sukari bila huruma, kisha akakoroga kwa mwiko mrefu. Rangi ilipoanza kusambaa, mjukuu wake alisogea kutazama. Mtoto huyo alikuwa mwembamba sana, na nyumba nzima ilimwita Sindano.

"Bibi, ongeza sukari kidogo," Sindano alisema.

"Nikiongeza, mwiko utasimama wenyewe."

Lakini aliongeza.

Bibi alikuwa na sababu ya kuipenda juisi hiyo. Alipokuwa msichana, soda za chupa zilinywewa na wenye nacho. Kwenye sherehe za wengine, wageni walipewa maji matupu. Kisha pakiti zikafika dukani. Mama yake alinunua chache, akakoroga ndoo nzima, na mtaa mzima ukanywa. Watoto walitoleana ndimi kushindana nani ana ulimi mwekundu zaidi. Pakiti zilizobaki, wanawake walizitumia kutia rangi nyuzi za sufu. Tangu hapo, mtoto akizaliwa au binti akiolewa, ndoo ilitoka. Kwa Bibi, ndoo hiyo ilikuwa heshima ya nyumba.

Siku hiyo wanafunzi wa fundi walikuwa wanamaliza mafunzo ya ushonaji. Cherehani zilisukumwa ukutani. Viti viliazimwa kwa majirani. Asubuhi, bomba lilikohoa kidogo, likatoa matone, likakauka.

Fundi alitoka uani akatazama pipa. Halikuwa na kifuniko. Maji yake yaliletwa kwa mkokoteni, na hakuna aliyejua yalichotwa wapi. Kila mtu alitumbukiza kopo lake humo, hata watoto waliotoka chooni bila kunawa.

"Mama, si tuyachemshe kwanza?" fundi alimuuliza mkwewe.

"Wageni wako mlangoni, mwanangu. Na hii juisi ni chachu. Uchachu wake unaua kila kitu."

Fundi alikubali kwa shingo upande. Akatuma barafu iletwe kutoka kwa jirani. Barafu nayo ikatumbukizwa ndooni. Watu wakanywa, wakasifu, wakaomba tena.

Kesho yake Sindano aliamka anaharisha. Mwanzoni fundi alidhani ni vyakula vya sherehe. Kufika mchana, mtoto hakuweza hata kukaa. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Midomo ilikuwa mikavu. Alilia, lakini machozi hayakutoka.

Hakuwa peke yake. Mwanafunzi mmoja wa ushonaji alikuwa anaumwa tumbo. Mtoto wa kinyozi wa jirani naye alikuwa anaharisha. Kinyozi ulimi wake haukai mdomoni, na kibanda chake hakikosi watu.

"Ile juisi ni sumu," aliwaambia wateja. "Hizo pakiti zimeoza. Mtu akikukaribisha kwa yule bibi, sema umefunga."

Maneno yalimfikia Bibi kabla ya saa kupita. Alikusanya pakiti zote zilizobaki kabatini, akazitupa kwenye pipa la taka. Kisha akajifunga kanga kiunoni.

"Mlete mtoto," alimwambia fundi. "Tunakwenda zahanati."

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Alimpima Sindano, akavuta ngozi ya tumbo kidogo, akaona inachelewa kurudi.

"Amepungukiwa maji mwilini," alisema. "Lakini anaweza kunywa. Tunaanza sasa hivi."

Alinawa mikono kwa sabuni. Alichukua jagi la lita moja lililojaa maji. Kisha akatoa pakiti ndogo, akaichana, akamwaga unga mweupe ndani ya maji.

Bibi akamshika mkono.

"Unga tena? Hapana, mwanangu. Unga ndio uliomleta huyu hapa."

"Bibi, hii ni dawa. Ni chumvi na sukari, zimepimwa. Inarudisha maji yaliyotoka mwilini."

"Hata ile ilikuwa na sukari. Mjukuu wangu hanywi kitu cha pakiti tena."

Muuguzi hakukasirika. Lakini hakuweka jagi chini.

"Kila dakika tunayobishana, huyu anazidi kukauka. Baadaye nitakueleza yote. Sasa naomba mkono wangu."

Fundi alimtazama mkwewe. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumpinga mbele ya watu.

"Mama," alisema taratibu, "jana niliuliza juu ya maji, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Mwache amnyweshe."

Bibi akaachia mkono.

Walimnywesha kwa kijiko. Kidogo kidogo, bila haraka. Sindano alitapika mara moja, na Bibi mwenyewe akamshika kichwa kwa mikono miwili. Muuguzi alisema wapumzike kidogo kisha waendelee, polepole zaidi. Fundi aliendelea. Kijiko, kisha kingine. Mtoto akaanza kuvuta kijiko kwa midomo.

"Sasa tuzungumze," muuguzi alisema, akavuta kiti karibu na Bibi. "Ile juisi mliikoroga kwa maji gani?"

"Ya pipa. Bomba lilikuwa kavu."

"Mliyachemsha?"

"Si juisi ni chachu? Wadudu hawawezi uchachu."

"Wanauweza, Bibi. Ule uchachu unauonja ulimi tu, mdudu haumsumbui. Na barafu?"

"Barafu imeganda. Mdudu gani ataishi mle?"

"Anasinzia. Barafu ikiyeyuka, anaamka."

Muuguzi akaendelea.

"Kila nyumba ninayoingia naikuta hiyo juisi, kwa hiyo nilitafuta habari zake. Yapata miaka mia moja iliyopita, nchi ya mbali, kulikuwa na mfanyabiashara aliyeuza sharubati nzito kwenye chupa. Chupa zilikuwa nzito. Zilivuja njiani, nyingine zilivunjika. Akawaza, akaona dawa ni kuondoa maji. Akabaki na unga, akautia kwenye bahasha ndogo. Bahasha haivunjiki, na posta inaibeba kwa urahisi. Baadaye hali ya maisha ikawa ngumu huko kwao, naye akashusha bei ikawa nusu, ili wasio na uwezo nao wanunue. Wengine wakaiga. Ndiyo maana imefika hadi kwako na kwangu."

"Kumbe ni ya watu kama sisi tangu zamani," Bibi alisema.

"Tangu zamani. Na haina tunda ndani, usidanganyike. Kwenye pakiti tunda lipo kwenye picha tu. Ni rangi, harufu na uchachu. Sukari nyingi unayoitia inaharibu meno, kwa hiyo iwe ya sherehe, isiwe ya kila siku. Lakini juisi haikuwa na sumu. Shika hili moja: aliyeitengeneza aliondoa maji. Anayerudisha maji ni wewe. Ukirudisha safi, ni kinywaji. Ukirudisha machafu, ni ugonjwa wenye rangi nzuri."

"Na hiyo dawa yako?"

"Vilevile. Nikiikoroga kwa maji ya pipa lako, namwongezea ugonjwa. Haya yamechemshwa, yakapozwa yakiwa yamefunikwa."

Sindano akajigeuza kitandani.

"Mama, nataka kukojoa," alisema.

Fundi alimbeba haraka. Muuguzi akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naisubiri," alisema. "Maji yanarudi. Mkifika nyumbani endeleeni kumpa hii, na chakula chake cha kawaida. Ikilala hadi kesho, mwageni mkoroge mpya. Macho yakizama tena, au mkiona damu kwenye choo, au akikataa kunywa, mrudi bila kusubiri."

Bibi alipofika nyumbani hakuketi. Alilipindua pipa, maji yakatapakaa ua mzima. Alilisugua kwa sabuni mpaka mikono ikauma. Mwanawe, mume wa fundi, ni seremala. Alimwagiza kifuniko.

"Nitakitengeneza wiki ijayo, Mama."

"Utakitengeneza leo. Mbao unazo, misumari unayo, na mama yako amesimama hapa."

Kifuniko kikapatikana siku hiyo hiyo. Maji ya kunywa yakawekewa dumu la peke yake, lenye koki, ili mtu asitumbukize mkono wala kopo. Kila asubuhi Bibi alichemsha sufuria kubwa mpaka maji yatokote sawasawa, akayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Karibu na mlango wa choo aliweka sabuni na kibuyu cha maji, na mtoto aliyepita bila kunawa alirudishwa kwa kushikwa sikio.

Sindano alipoanza tena kukimbia uani, Bibi alivaa nguo zake nzuri akaenda kwa kinyozi. Kibanda kilikuwa kimejaa. Mkasi ukasimama.

"Nimekuja kusema mbele yenu," alianza. "Juisi haikuwa na sumu. Maji yalikuwa machafu, na niliyeyatia ni mimi. Mtoto wako aliumwa kwa mkono wangu, kinyozi. Nisamehe."

Kinyozi alitazama chini.

"Yangu yamepita, Bibi. Kijana ni mzima."

"Hayajapita. Hapa kwako maji ya kunywa unayaweka wapi?"

Kinyozi akageuka kutazama ndoo iliyokuwa wazi pembeni, nywele zinaelea juu yake. Wateja wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka, kisha akaimwaga.

Wanafunzi wengine wa fundi walipomaliza mafunzo, ndoo ya Bibi ilitoka tena. Wageni walikaa wakiitazama, vikombe mkononi, hakuna aliyenyanyuka. Bibi aliwaonyesha dumu lenye koki. Barafu ya safari hii aliigandisha mwenyewe, kwa maji aliyoyachemsha. Sukari aliipunguza mpaka Sindano akanuna. Kisha akajaza kikombe chake, akanywa chote.

"Asiyetaka juisi, maji yapo," alisema. "Nayo yamechemshwa."

Wa kwanza kusimama alikuwa mtoto wa kinyozi. Baba yake akamfuata. Baada yao ndoo haikuchukua muda.

Kesho yake mtaa uliamka salama. Kinyozi alibisha hodi asubuhi na mapema.

"Bibi, kijana anataka tumfanyie sherehe ya kuzaliwa. Naomba utukorogee juisi."

Bibi aliingia ndani, akatoka na ile sufuria kubwa, akamkabidhi.

"Anza kuchemsha," alisema. "Nikute maji yamepoa."