Sababu ya Kutofika

Rafiki yangu Chengo, karani wa bandarini, alikwenda mchana mmoja kituo cha polisi kukichukua kikapu cha mkewe, Sidi. Siku arubaini zilikuwa zimepita tangu bomu lilipolipuka sokoni, Sidi akiwa ameinamia mboga. Nyumba yao ya Bondeni ilikuwa kimya, na hicho kikapu ndicho kitu cha mwisho alichokishika Sidi.

"Mwenye mali ndiye atiaye sahihi hapa," afisa akamwambia.

"Mwenyewe tumeshamzika, bwana."

"Pole sana. Basi andika sababu ya kutofika."

Chengo akaandika: *Amefariki*. Afisa akaisoma mara mbili, kisha akapiga mhuri: SABABU IMEKUBALIWA.

Ghala la vitu vilivyookotwa sokoni halikuwa na dirisha wala taa. Chengo akapapasa baina ya ndara na kanga za watu, hata akasikia maji yakinyunyizwa kwa vidole, kama wauzaji wanavyonyunyizia mboga zisinyauke.

"Sidi?"

Sauti ikakoma. Sakafu aliyoigusa ilikuwa vumbi tupu.

Akakitoa kikapu mlangoni penye mwanga. Ndani mlikuwa na fungu la mchicha, lile la asubuhi ya bomu. Lilikuwa bichi, nalo likimchuruzikia maji miguuni.