Tangazo la Kapteni Rapten

Harufu ya tambuu ilianza kusikika kwenye chumba cha marubani wakati ndege inateremka kuelekea uwanja wa Paro, katikati ya milima.

"Dada, unatafuna nini?" Kapteni Rapten alimuuliza rubani msaidizi wake, Lhaden.

"Sitafuni kitu. Nilidhani ni wewe."

Rapten akachukua kipaza sauti, maana kutua Paro si mchezo. Ndege hujipenyeza bondeni, ikilalia upande huu na ule, na mgeni akichungulia dirishani huona pilipili zilizoanikwa juu ya paa la mtu.

"Abiria wetu, mtaiona milima karibu sana. Msiogope, hapa ndege hutua hivi siku zote. Sote tutafika salama."

Alipozima, sauti ya kikongwe ikasikika masikioni mwao wote wawili. "Asante, mwanangu. Sasa tunafika lini?"

Lhaden aligeuka nyuma. "Kapteni, huyo nani?"

"Tazama mbele."

Rapten aliijua sauti hiyo. Alikuwa Bibi Gyem, abiria aliyekuwa akirudi kutoka kuhiji India majira ya baridi yaliyopita. Alimshika Rapten mkono kwenye ngazi za ndege, akamwomba awatangazie abiria kabla ya ile milima, kwa kuwa moyo wake ni dhaifu. Rapten akaahidi. Lakini siku hiyo aliamka vibaya, kachoka kubembeleza watu wazima kama watoto, akanyamaza. Mlima ulipochomoza ghafla dirishani, moyo wa bibi ukasimama, tambuu ingali mdomoni. Watu walisema ni uzee. Rapten naye akasema ni uzee, ingawa alijua si kweli.

Tangu siku ile ya harufu bibi hakukosa safari hata moja, na kila Rapten alipotangaza alimsikia akihema nyuma ya kiti chake, akishukuru, akiuliza tena wanafika lini, na chokaa ya tambuu ikamwasha Rapten puani hata akiwa kwake mezani, mpaka chakula kikamshinda na usingizi ukamkimbia, akaenda kwa lama, mtawa wa Kibudha.

"Mtu akifa hajui amekufa mpaka aambiwe," lama alisema. "Ndiyo maana tunawasomea wafu sala. Huyu wamemsomea nyumbani kwake, na yeye nyumbani hayupo. Yuko kwenye kiti chake anakusubiri. Na wewe unamwambia nini kila siku?"

Rapten aliinamisha kichwa. "Kwamba atafika salama."

"Basi wewe ndiye uliyemfunga humo. Mwambie ukweli, kwa kipaza sauti hicho hicho."

Ndege ilipotolewa matengenezoni, Rapten na Lhaden waliirudisha Paro ikiwa tupu. Milima ilipokaribia, Rapten alitangazia viti visivyo na watu.

"Bibi Gyem, ulishakufa. Nilikuahidi nikanyamaza, kisha nikasingizia uzee wako. Usisubiri kutua, mama yangu. Nenda zako." Alilia waziwazi, na Lhaden hakumtazama. Taratibu harufu ikaisha.

Kesho yake ndege ilijaa. Rapten alikuwa amekunywa chai ya siagi vikombe viwili, akamtania Lhaden kwamba leo ameng'aa kama anaposwa. Walipoingia bondeni ukungu ulishuka ghafla nyuma yao, kisha na mbele. Akachukua kipaza sauti.

"Abiria wetu, msiogope. Sote tutafika salama."

Tambuu ikanuka. Lhaden akamgeukia Rapten, kwa sababu aliisikia pia ile sauti, ya upole, isiyo na kinyongo chochote.

"Mwanangu, mimi umeniambia kwamba nimekufa. Na hawa, utawaambia saa ngapi?"