Mstari Mwekundu kwenye Tangi la Shangazi

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku alibeba ndoo ya brashi na kumfuata mama yake ufukweni. Jina lake halisi lilikuwa limesahaulika hata shuleni, kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza kwa muda wa kutosha mtu kuliita. Mama yake alikuwa fundi wa alama za bahari. Yeye ndiye aliyeziba nyufa za minara, akabadilisha taa zilizoungua na kupaka rangi upya kila jua na chumvi vilipoibabua ile ya zamani.

Minara yenyewe ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa mfupi, karibu na maji, na mwingine mrefu, juu ya mteremko. Yote ilikuwa myeupe, na kila mmoja ulikuwa na mstari mwekundu kutoka juu hadi chini.

"Nahodha akiiona mistari hii imesimama mmoja juu ya mwingine, anajua yuko kwenye maji yenye kina," Mama alisema huku akipaka. "Ikiachana tu, anajua anaelekea miambani."

"Najua, Mama. Hata usingizini naweza kukuambia."

"Usingizini ndiko unakosema mambo ya maana. Ukiwa macho unapiga soga tu. Hebu paka hapo chini, na usiache mapengo."

Walipomaliza mnara mrefu, rangi ilibaki, nyeupe nyingi na nyekundu kidogo. Mama akafuta mikono. "Hii irudi stoo. Rangi ya minara ni ya minara. Mimi nashuka gatini kuangalia taa kabla boti halijafika."

Chiriku alikuwa njiani kwenda stoo, kweli kabisa, alipokutana na binti wa shangazi yake. Huyu aliitwa Mshindo kutokana na jinsi alivyofunga milango. Siku hiyo alikuwa hatulii, kwa sababu mama yake alikuwa anarudi kwa boti kutoka hospitali ya ng'ambo alikofanyiwa upasuaji wa macho. Kwa muda mrefu Shangazi alikuwa akiiona dunia kama mtu aliye ndani ya chandarua.

"Sasa fikiria," Mshindo alisema. "Mama anarudi na macho mapya, halafu kitu cha kwanza kukiona nyumbani ni lile tangi letu lenye ukoga."

Tangi la maji la Shangazi lilikuwa la saruji, refu, limekaa juu ya nguzo kando ya nyumba yake kule mteremkoni, upande wa pili wa mnara mrefu. Chiriku akalitazama tangi. Akatazama makopo mikononi mwake. Maneno ya Mama aliyasikia vizuri sana kichwani, lakini aliyasukuma pembeni na kwenda kutafuta ngazi.

Walipaka upande wa baharini, ambao Shangazi angeuona akiwa bado kwenye boti. Ukapendeza. Kisha Chiriku akachovya brashi kwenye nyekundu.

"Mstari mmoja tu, kama wa minara," alisema. "Shangazi anapenda unadhifu."

Wakarudi nyuma kulitazama, wakacheka, kila mmoja akimwonyesha mwenzake rangi iliyokuwa puani. Walikuwa na furaha isiyo na kifani. Boti lilipotokeza kwenye kona ya bahari, Mshindo alianza kuruka na kupunga mikono.

"Wametuona. Tazama, linakuja moja kwa moja kwetu."

Chiriku naye aliinua mkono, kisha akaushusha. Boti halikuwahi kuja moja kwa moja kwao. Siku zote liliuelekea mnara wa Mama, likiiacha mbali ile sehemu ambapo mawimbi hupasuka na kutoa povu. Leo lilikuwa linaelekea kwenye povu lenyewe. Akageuka akautazama mstari wake mwekundu uliong'aa juani, na roho ikamruka.

"Mshindo, lete mablanketi."

"Kuna joto hivi, mablanketi ya nini?"

"Nahodha anadhani tangi lenu ni mnara. Lete chochote."

Mshindo aliingia ndani na, kwa mara ya kwanza, hakuufunga mlango. Alitoka na blanketi, mashuka mawili ya rangi ya kahawia na mapazia ya sebuleni, fimbo yake ikiwa bado imo. Chiriku alipanda ngazi, akafunika, akafunga, akavuta. Alipotazama tena baharini, boti lilikuwa limesimama. Kisha taratibu likageuza pua, likaupata mnara wa Mama na kuingia salama.

"Tumepona," Mshindo alisema, akijitupa chini. "Sasa ni kimya, sawa? Hakuna aliyejua."

Walikimbia hadi gatini. Nahodha, ambaye alikuwa mgeni katika njia ile, alikuwa tayari amesimama mbele ya Mama.

"Fundi, sikufichi, alama zako zimenichanganya. Mistari ilikaa sawa, lakini dira ikakataa. Nikasimama. Kutazama tena, mstari wa juu umehama. Itabidi niwaambie wakubwa wako kwamba minara hii si ya kuaminika."

Mama hakujitetea. Alitazama mikono yake yenye rangi mbichi, kisha mnara, kama mtu anayetafuta ni wapi alipokosea. Mshindo alimfinya Chiriku mkononi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, kunyamaza kulikuwa rahisi, na Chiriku alikuchukia kunyamaza huko kuliko kitu chochote.

"Si mnara wa Mama," alisema. "Ni mimi. Nilichukua rangi iliyobaki nikapaka tangi la Shangazi, na mstari nikautia. Halafu nikalifunika. Mama hana kosa."

"Si kosa la mmoja, ni letu sote wawili," Mshindo akanong'ona. "Ngazi nilishika mimi."

Kabla mtu hajajibu, kicheko kilisikika nyuma ya nahodha. Ni Shangazi, ameshika begi lake, macho yanang'aa. "Kumbe. Nilimwambia huyu nahodha, 'Mwanangu, mbona naona minara mitatu?' Akaniambia nikapumzike, dawa bado hazijaniisha."

Nahodha alijikuna kidevu. "Ni kweli, bibi. Nilikupuuza. Lakini dira ilipokataa nikakumbuka maneno yako, nikahesabu mwenyewe, na nikazima injini." Akamgeukia fundi. "Niwie radhi. Nitakachowaambia wakubwa wako ni kwamba minara yako inaonekana vizuri mno, hadi watoto wanaiiga."

Mama alimshika Chiriku mabega. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Kwa mtu aliyeko baharini, rangi ni maneno. Leo ulimwambia nahodha 'pita hapa' mahali ambapo hapapitiki, na shangazi yako alikuwa ndani ya boti."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe, kwa sababu umesema kweli wakati uongo ulikuwa tayari umekuokoa. Lakini brashi usiiweke chini bado."

Jioni ile wote walikuwa mteremkoni. Upande wa baharini tangi lilipakwa kijani kibichi, likafanana na majani yaliyolizunguka, na nahodha akaenda gatini kuhakikisha halionekani. Upande wa nyumbani Shangazi alitaka maua, akakaa mlangoni akiyasimamia. "Hilo lina kasoro," alisema kwa raha zake zote. "Na lile pia. Msidhani bado sioni."

Chiriku alisafisha brashi, akayabeba makopo, akaenda nayo stoo. Mama alimfuata, akafungua mlango na kumwonyesha rafu.

"Nilidhani unanikataza tu," Chiriku alisema.

"Ningekueleza sababu, ungesikiliza. Hilo ni langu, na nitajirekebisha," Mama alijibu. "Lako ni hili: watu usiowaona wanaitegemea kazi yako. Ukitaka kubadilisha kitu, uliza kwanza. Ukikosea, sema upesi, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako."

"Sawa, Mama. Je, naweza kuuliza kitu sasa?"

"Uliza."

Chiriku aliuliza, na waliporudi nyumbani giza likiingia, minara yote miwili ikiwa imewaka taa, alikuwa bado anauliza.